Mosi, Oa Tunya

Maneno ya kwanza aliyoniambia hayakuwa karibu wala hujambo. Alisimama upande wake wa ua wa makuti, kofia kichwani, chaki ingali vidoleni, akasema, "Bi Arusi, moshi wako umeingia darasani."

Nilikuwa mgeni Frere Town. Nilitoka Rabai kuja kuolewa, kanga zangu bado zilikuwa na ugumu wa dukani, na mama alikuwa ameniusia nisijibizane na majirani kabla hawajanijua. Nikajibizana. Nikamuuliza ni darasa gani hilo, maana mimi naona chumba cha mtu mzima cha kulala. Nikamwambia makumbi ya nazi ni mabichi kwa sababu mvua imenyesha, na mvua sikuiita mimi. Jiko amelijenga mume wangu, dirisha amelitoboa fundi, basi awatafute hao wawili wakae wapatane. Sauti yangu ni ya vilimani. Kwetu tulizoea kuitana kutoka kilima hadi kilima, na huku chini nilikuwa sijajua kuipunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akacheka hata akakohoa, akajishikilia kwenye ua. "Moshi na ngurumo," akasema. "Nimeutafuta umri wangu wote, kumbe umeolewa hapa jirani."

Niliingia ndani nimevimba. Mume wangu aliporudi kutoka kazini kwake relini, Changamwe, nikamshitakia kwamba mzee wa jirani amenitukana. Akataka kuyasikia maneno yenyewe, nikamwambia. Akavua viatu taratibu, anatabasamu.

"Hajakutukana," akasema. "Amekupa jina la kwao."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujua habari za maporomoko ya maji ambayo mimi sijapata kuyaona, na ambayo hata aliyenisimulia hakupata kuyaona.

Sote tulimwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Nasaba yake siwezi kuwapa. Si kwamba naificha. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Frere Town ya siku zile ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Wazazi wao walitolewa katika vyombo vya watumwa, wakaletwa misheni, wakapewa viwanja na majina ya Biblia, na watu wa vijiji vya jirani wakawaita mateka. Baadhi yao walijua walikotoka. Wengine waliletwa wadogo mno, hawakuwa na cha kukumbuka. Mama yake Mwalimu aliletwa mdogo. Alikulia hapa, akamzaa hapa, akafa mwanawe akiwa hata meno ya utoto hajamaliza kung'oka. Alichomwachia ni wimbo wa kubembelezea mtoto, na wimbo wenyewe ulikuwa na maneno matatu tu. Yaliyobaki yalikuwa mvumo wa mdomo uliofumbwa.

Maneno yalikuwa Mosi-oa-Tunya.

Sasa mwambie mtoto wa Kiswahili maneno hayo, uone atasikia nini. Mwalimu alisikia vile ambavyo ningesikia mimi: Mosi, oa Tunya. Yuko mwanamume aitwaye Mosi, anaambiwa aoe, na wa kumwoa ni Tunya. Akilini mwa mtoto habari ikawa imekwisha. Mosi ni baba yake, ambaye hakupata kumjua; Tunya ni mama yake, kwa jina lake la kabla ya ubatizo. Siku alipopelekwa shuleni akaulizwa ni mtoto wa nani, akajibu bila kusita, wa Mosi. Akaandikwa hivyo, akakua hivyo, na alipokuwa mwalimu watoto wakamwita Mwalimu wa Mosi.

Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameshika chaki, siku alipofungua kitabu cha jiografia mbele ya darasa akasoma habari za mto Zambezi. Kitabu kilisema mto ule una maporomoko makubwa ajabu, kwamba Wazungu wameyapa jina la malkia wao, lakini kwa watu wa huko ni Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma.

"Nilisoma, nikarudia," alinisimulia. "Watoto wakadhani nimekwama kwenye neno gumu. Mmoja akanisaidia kulitamka. Bi Arusi, siku ile nilifiwa na baba, nikapata kwetu, vyote kabla ya kengele ya mapumziko."

Wazee wa kanisa walimshauri alibadilishe jina sasa kwa kuwa ukweli umejulikana. Yeye aliyekuwa akimpiga mtoto kikofi kwa kusema "nafikiri" mahali pa "najua", alikataa katakata. Aliwaambia baba wa mtu hafutwi kwa raba. Akabaki mwana wa moshi mpaka mwisho, na ukimtania juu ya hilo alikuwa wa kwanza kucheka.

Alitaka kitu kimoja tu duniani, na hakumficha mtu. Kabla hajafa, alitaka akutane na mtu mmoja wa huko, amwimbie wimbo ule, na mtu huyo amwambie: wewe ni wetu, kwenu ni mahali fulani. Safari ya kwenda hakuwa na njia nayo. Kwa hiyo alingoja mtu aje. Na katika kungoja kwake aliyasoma maji yale kama mtu anayeulizia tabia za mchumba wa mbali, mpaka sisi majirani zake tukayajua kuliko tulivyoijua mito ya kwetu.

Ukubwa wake alitufundisha kwa miguu. Alilitoa darasa zima Kengeleni, pale penye kengele ya zamani, akaliongoza kushuka barabara ya kwenda daraja la Nyali. Nilikuwa nimetoka dukani, nikafuatana nao. Kila baada ya kitambo alisimama, akainua fimbo yake, akapaza sauti, "Na hapa je?" Watoto wakaitika, "Ni maji!" Tukatembea tena. "Na hapa?" "Ni maji!" Jasho likatutoka. Tulipofika darajani akatuambia bado, huo ukuta wa maji unaendelea, vukeni daraja mpaka ng'ambo ya kisiwani ndipo mtakapoufikia mwisho wake. Na kimo chake, akasema, chukueni mnazi mrefu, usimamisheni juu ya mwingine, na mwingine, mpaka iwe mitano. Mtu akiwa juu ya huo wa tano, ndiyo kwanza miguu inalowa.

Watoto wakaanza kuvuka. Yeye akabaki ukingoni.

"Huji, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Nendeni. Huko nako ni maji, naamini."

Alikuwa akiogopa maji. Ndiyo, yeye. Daraja la Nyali siku zile lilikuwa likielea, na ukipita juu yake ulilisikia likipumua chini ya miguu; Mwalimu alilivuka kwa shida tu, kwa kumshika mtu mkono na kufumba macho. Feri ya Likoni hakupata kuipanda. Alialikwa arusi huko, akavaa koti, akafika kivukoni, akaitazama feri, akarudi nyumbani kula mihogo. Baharini hakuoga. Lakini kila mwaka, masika yakiisha, alishuka hadi penye mkono wa bahari, akachovya kidole kimoja, akakilamba. Alinieleza kwamba Zambezi humwagikia bahari hii hii yetu.

"Wapata ladha gani?" nikamuuliza.

"Chumvi tu," akasema, na mwaka uliofuata akaenda tena.

Habari za wingi wa maji alizifundisha kwa chai. Nyinyi mnajua jinsi wazee wanavyopoza chai, kuimwaga kutoka kikombe hadi kikombe. Mwalimu aliinua kikombe cha juu mpaka usawa wa paji la uso, akakiinamisha kidogo, chai ikashuka nyembamba kama uzi. "Mwezi wa kumi," alisema. "Kiangazi. Sehemu kubwa ya ukingo ni jiwe kavu, waweza kuuona mwamba wote." Halafu akakibinua, chai ikaanguka kwa kishindo, ikaruka mezani, ikamlowesha ndevu. "Mwezi wa nne! Maji ni mengi hata huyaoni. Unaona moshi tu." Mimi niliyafuta hayo mafuriko ya mwezi wa nne kwa miaka mingi, na sikuacha kugombana naye, maana vitambaa vya meza vilikuwa vyangu.

Jambo moja la maji yale lilinikaa moyoni. Alisema mvua za huko hukoma kwanza, watu wakaanza kuanika nafaka zao, mbingu ikawa safi, ndipo mafuriko yanapofika. Mvua yenyewe imenyesha mbali sana, juu ya mto, na maji huchukua muda kupita mabondeni.

"Mama alipokufa sikulia," akaniambia. "Walinisema sana, mtoto ana moyo mgumu huyu. Nililia siku ya kitabu kile. Nilikwisha kuwa na ndevu."

Nilikuwa nakuna nazi. Nilijua kwamba nikiinua uso nitaharibu, nikaendelea kukuna.

Jiwe nalo alilijua. Aligonga ukuta wa nyumba yake kwa ufunguo, akasema jiwe letu hapa ni tumbawe, limejengwa na vidudu vya baharini, ndiyo sababu lina matundu na ndiyo sababu nyumba zetu hunywa mvua. Jiwe la huko ni jeusi na limetoka motoni. Zamani mno ardhi ilipasuka ikatapika moto mzito, ukatandaa, ukapoa. Ukaja mwingine juu yake, ukatandaa, ukapoa, tabaka juu ya tabaka.

"Uji ukipoa ndani ya sufuria hufanyaje, Bi Arusi?"

"Hufanya ngozi."

"Kisha?"

"Ukiuacha sana, hupasuka."

"Ahaa! Na jiwe lile lilipopoa likapasuka. Nyufa ndefu, zimekatiza njia ya mto. Ndani ya nyufa kukajaa vitu laini. Mto ukaja, ukapita juu ya jiwe gumu, haukuliweza. Lakini ulipofika penye ufa, ukaanza kuchokoa ule ulaini, ukachokoa, ukachokoa, mpaka ukatumbukia humo wote mzima."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikasema, kwa sababu sikutaka aone kwamba nimevutiwa.

"Ukuta wa minazi mitano!" akasema, akafurahi kama mtoto. Halafu akanieleza lililokuwa likimnyima usingizi. Maporomoko hayakai mahali pamoja. Baada ya zama na zama maji hupata ufa mwingine, nyuma ya ule wa kwanza, yakahamia huo. Chini ya maporomoko ya leo kuna makorongo yanayokwenda huku yakipinda kule, na kila korongo lilikuwa maporomoko katika siku zake.

"Basi yanaelekea wapi?" nikamuuliza.

"Juu. Maji yanakwenda baharini, lakini maporomoko yenyewe yanarudi nyuma, kidogo kidogo, kuelekea maji yalikotoka." Akauzungusha ufunguo mkononi. "Waona? Yanaanguka kila siku, na bado yanarudi kwao."

Mimi nilikuwa na mchuzi motoni, nikaenda kuugeuza.

Hakuoa. Kwa mtu wa jina lake hiyo ilikuwa zawadi kwa watoto wa mtaa, waliojificha nyuma ya minazi wakaimba, "Mosi, oa Tunya! Mosi, oa Tunya!" Yeye akawajibu bila kugeuka, "Tunya amesema ningoje." Wazee walisimulia kwamba palikuwa na msichana wa Rabai, tena wa ukoo wetu, na kwamba Mwalimu alishindwa kupeleka posa. Wazee wa kanisa walikuwa tayari kumwendea. Akasema hawezi kumtuma mtu asiye ndugu yake akamposee binti wa watu, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni kijana wa nani, na jibu lake ni moshi. Nilipomuuliza kama ni kweli, akaniambia nisafishe masikio. Hakusema si kweli.

Alikuwa na kiburi kilichojificha, na mtu akikigusa alikitambua. Alikuwapo muuza nazi wa Kisauni, mtu mzuri lakini hodari wa methali, kila jambo ana yake. Siku moja tumekaa barazani tunachagua nazi, Mwalimu anaeleza habari za kwao, yule akasema kwa mzaha, "Wallahi Mwalimu, ungekwenda tu. Mwacha asili ni mtumwa." Neno hilo halisemwi Frere Town, hata kwa methali. Mwalimu akaipiga nazi konzi, akayasikiliza maji yake.

"Kweli," akasema. "Na aliyeachishwa?"

Muuza nazi akatahayari. Alikata dafu, akampa kwa mikono miwili, na tangu siku ile alimsalimu kwa shikamoo, ingawa walikuwa karibu rika moja.

Niseme na hili. Jioni, nikiwa jikoni kwangu chini ya dirisha lake, nilimsikia akiuvumisha ule wimbo. Maneno matatu, halafu mdomo unafumbwa, halafu maneno matatu. Hakuwa na sauti nzuri. Mwanzoni ulinichosha. Baadaye nikawa nakoroga uji kwa mwendo wake, na wanangu wakalala nao, nami siku ambayo haukuja nilikunja shingo kuangalia kama yumo ndani.

Vita vikuu vya pili vilipopamba moto, askari Waafrika wa nchi nyingi waliletwa Mombasa kungoja meli. Walipiga kambi upande wa Nyali, na Jumapili kanisa letu likajaa viatu vizito. Mwalimu alikwisha kuwa mzee, kifua kibovu, lakini hakukosa kusimama mlangoni. Kila askari aliyetoka alimshika mkono. "Watoka wapi, mwanangu?" Wakamjibu Nyasa, wakamjibu Uganda, wakamjibu Tanganyika. Aliwashukuru, akawaombea, akamgeukia anayefuata. Jumapili zikapita. Mimi nilimpita pale nikiwa na watoto, nikiona jinsi uso wake ulivyofunguka na kufungika kwa kila mmoja, na moyo wangu uliniuma.

Halafu Jumapili moja nikamwona anakuja uani kwangu, amemshika askari kijana mkono juu ya kiwiko, kama atakayemtoroka.

"Bi Arusi!"

"Abee, Mwalimu."

"Pakua sahani nyingine. Mgeni ametoka kwetu."

Kijana alikuwa mrefu, mpole, Kiswahili chake cha jeshini. Kwao ni karibu kabisa na maporomoko. Baba yake alikuwa akivua samaki mto ule. Nilimpakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kabla hajaipokea sahani akainama kidogo, akapiga makofi mara chache, polepole, viganja vimekunjwa kidogo, bila kelele. Ndivyo kwao wanavyoshukuru. Mwalimu alikuwa amefungua mdomo kusema neno, akabaki hivyo hivyo.

"Mama alikuwa akifanya hivyo," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Ukimpa kata ya maji. Nilikuwa nimesahau."

Nilidhani sasa atauimba wimbo. Badala yake akaanza kumuuliza kijana wa watu habari za jiwe. Ni jeusi? Ndiyo mzee, nyeusi kabisa. Mwezi wa kumi ukingo hukauka? Ndiyo, watu napita na miguu. Mwezi wa nne je? Kijana akacheka, akasema mwezi ya nne huoni kitu, unalowa tu. Makorongo? Yako. Mengi? Mengi. Kila alichokijua kilikuwa kweli, na kila kilipokuwa kweli aliuliza kingine. Wali ukapoa. Jua likahama. Kijana akaanza kutazama barabarani, maana gari la kuwarudisha kambini lilikuwa karibu kufika, na Mwalimu sasa alikuwa amefikia kuuliza rangi ya mchanga.

Nikamwelewa. Mtu mzima yule alikuwa anaogopa. Umri mzima amelibeba swali moja, na sasa mwenye jibu amekaa mbele yake anakula samaki, na akiuliza, jibu laweza kuwa hapana. Mimi sikuumbwa na subira. Nikiwa nimesimama na masufuria mkononi, nikauimba mimi. Maneno matatu, mdomo nikaufumba, nikauvumisha vile vile kama nilivyousikia dirishani miaka yote ile, hata pale anapokosea pumzi.

Mwalimu alinitazama kama nimemvua kanzu mbele za watu. Kijana akaweka kikombe chini.

"Imba tena, mama," akasema. Nikaimba tena.

"Hii wimbo mimi hapana jua," akasema polepole, akichagua maneno. "Lakini hii jina, sisi kwetu hapana sema hivi. Sisi nakaa karibu na maji. Sisi naita Shungu Namutitima." Akachezesha vidole juu ya sahani, kuonyesha chungu kinachotokota. "Mosi-oa-Tunya ni maneno ya watu ya juu ya mto. Watu ya mbali. Wao hapana fika pale. Wao naona moshi, nasikia ngurumo, basi. Mama yako, mzee, alikuwa mtu ya kule."

"Kule wapi?" Mwalimu akauliza.

Kijana akafikiri. Nilimwona anataka sana kumpa mzee yule kitu. "Mahali mtu naona moshi," akasema, "na nasikia ngurumo, na maji haoni. Pale ndiyo kwao."

Gari likapiga honi. Kijana akasimama, akapiga tena makofi yake ya kimya, akaenda. Sikumwona tena, na sijui meli ile ilimpeleka wapi.

Nilibaki nimesimama na masufuria, nangoja kufokewa. Hakunifokea. Alikaa akiiangalia sahani ya mgeni.

"Mama hakuyaona maji," akasema. "Mimi nimeyapima upana na kimo, nimelijua jiwe lake lilikotoka. Mama aliuona moshi tu, Bi Arusi. Alikuwa mbali, kama mimi."

Akainuka akaenda kwake. Jioni ile niliwasha jiko, nikasikiliza. Wimbo haukuja. Haukuja kesho yake, wala mwezi uliofuata. Nilijiambia anajiuguza, kifua kimezidi. Na kwa kuwa kifua kilikuwa kimezidi kweli, nilimwomba mume wangu alihamishie jiko upande wa pili wa nyumba, mbali na dirisha lake. Likahamishwa. Watoto wakawa hawalali vizuri, na mimi nikawa nakoroga uji bila mwendo.

Vita vikaisha. Mwalimu akastaafu, macho yakaingia ukungu, akawa hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Sisi majirani tulipokezana kumhudumia. Zamu za mchana zilikuwa zangu. Siku ninayoikumbuka nilimpelekea uji, nikaukuta ule wa asubuhi bado uko, umeshafanya ngozi.

"Bi Arusi."

"Abee."

"Moshi wako umepotelea wapi?"

Nilidhani anaweweseka. "Tuliuhamisha, Mwalimu. Kwa sababu ya kifua chako."

"Nani alisema kifua changu kinaukataa?"

"Wewe! Tangu nilipoolewa!"

"Basi urudishe," akasema.

Nikatoka. Nikayabeba mafiga mawe kwa mawe, nikayapanga pale pale pa zamani chini ya dirisha. Nikakusanya makumbi, nikayachagua yaliyo mabichi. Nilipowasha, moto ulikataa, kisha moshi ukapanda mzito, mweupe, ukageuka dirishani ukaingia wote ndani. Nikamsikia anakohoa. Nikakimbilia ndani kuufunga ubao wa dirisha, naye akainua mkono kunizuia. Alikuwa ameugeuzia uso moshi ule, macho yake yale yasiyoona vizuri yako wazi kabisa.

"Moshi nauona," akasema. "Ngurumo je?"

Sikuelewa. Nilisimama pale na bakuli la uji. Halafu nikaelewa, nikadhani sitaweza.

Nikaweza. "Mwalimu!" nikapiga kelele, ile sauti yangu ya vilimani niliyoileta kutoka Rabai. "Mzee mzima hujioni! Wanichomesha makumbi mabichi saa sita ya mchana, motoni hakuna hata chungu! Uji wa asubuhi hujanywa, wa sasa utauacha, nani atakula, mimi? Vitambaa vyangu vya meza umevimaliza kwa chai, wanangu umewazoesha wimbo kisha ukawanyima! Majirani watasema nini, nyumba inaungua?" Machozi yalikuwa yananitiririka, na sikuyafuta, kwa sababu hakuwa akiyaona. "Wasikia? Nasema na wewe!"

"Nasikia," akasema. Alilegeza mabega juu ya mto. Viganja vyake vikakutana juu ya shuka, mara moja, na mara ya pili, bila kelele. "Hapa ndipo, basi. Hapa ndipo kwetu."

Nikaendelea kufoka mpaka makumbi yakaisha.